Istilahi za Kuchagua Muziki wa Ufunguzi wa Filamu

Makala haya yana shabaha ya kueleza istilahi chache zinazohitajiwa na wanafunzi wa utengenezaji wa filamu wanapochagua muziki wa mwanzo wa filamu zao, yaani ule usikikao wakati majina ya waigizaji na mafundi yanapopita mbele ya macho ya watazamaji. Huenda msomaji akaliona jambo hili kuwa dogo. Lakini kila fani ikikosa maneno yake, wanaoifanya hulazimika kubahatisha, na hasara ya kubahatisha huonekana katika kazi yenyewe.

Hivi leo mwanafunzi mwenye simu ya mkononi na kompyuta aweza kupiga picha, kuzikata na kuziunga bila msaada wa mtambo mkubwa. Vitabu anavyosoma aghalabu ni vya Kiingereza, ilhali majadiliano yake na wenzake ni ya Kiswahili. Yanapofika kwenye muziki, majadiliano hayo hudumaa. Mmoja husema muziki huu ni mzuri, mwingine husema haufai, wala hakuna awezaye kueleza sababu. Mwisho wa mambo huchaguliwa wimbo unaopendwa na wengi wakati huo, na filamu huanza kwa sauti isiyohusiana nayo.

Ili maelezo yasielee hewani, tuchukue mfano wa kubuni ambao tutarudi kwake mara kwa mara. Mwanafunzi ametengeneza filamu ya dakika kumi na mbili. Kijana anarudi Pangani kumzika baba yake, fundi wa mashua, na anakuta kwamba mashua ya mwisho aliyokuwa akiiunda mzee haijamalizika. Mwanafunzi huyu anataka kujua aweke muziki gani mwanzoni. Je, tumpe maneno gani ya kumsaidia kufikiri?

Sehemu yenyewe iitweje?

Kwanza yafaa tuipe jina sehemu tunayoizungumzia. Wengi husema "majina" tu, na katika mazungumzo neno hilo linatosha. Lakini katika maandishi ya kitaalamu majina ya mwanzo hayana budi kutofautishwa na majina ya mwisho, na jina la filamu kutofautishwa na majina ya watu. Tunapendekeza "mfululizo wa majina" kwa sehemu nzima, na "anwani" kwa jina la filamu lenyewe. Baadhi ya wasomaji watasema kwamba anwani ni mahali barua inapopelekwa. Ni kweli, lakini neno hilohilo limetumika tangu zamani kwa maana ya kichwa cha kitabu au cha makala, nasi twalirudisha kwenye matumizi hayo. Kila kundi la maandishi linalotokea na kutoweka kwa pamoja tuliite "kadi".

Muziki unaoambatana na mfululizo huo ungeweza kuitwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kutumia neno "bashrafu". Katika taarabu ya Zanzibar bashrafu ni utunzi wa ala pasipo uimbaji, ambao kwa desturi hufungua onyesho. Kazi yake ni kuwatuliza wasikilizaji na kuyazoesha masikio yao sauti za ala kabla mwimbaji hajasimama. Hiyo ndiyo kazi tunayoitaka katika filamu, na neno lipo tayari.

Hata hivyo pana sababu mbili za kulikataa. Bashrafu ni jina la utunzi wenye umbo na kanuni zake, na wenyewe wangali wanalitumia. Tukiliita bashrafu kila jambo linaloanza, tutawanyang'anya wanataarabu neno lao. Tena, muziki wa mwanzo wa filamu huweza kuwa na mwimbaji, nayo bashrafu haina. Kwa hiyo tumeona vema kupendekeza "muziki wa ufunguzi", istilahi ambayo msomaji wa bara na wa pwani wataielewa mara moja. Bashrafu tuiachie pahali pake, lakini tujifunze kwayo kwamba ufunguzi ni matayarisho ya masikio. Muziki wa ufunguzi unaomaliza maneno yote kabla filamu haijaanza umekosa kazi yake.

Mahadhi, mwendo na mlio

Anayesema "muziki huu haufai" hana budi kuulizwa ni kitu gani ndani yake kisichofaa. Hapa tunahitaji maneno matatu.

"Mahadhi" ni mpangilio wa sauti zinazopanda na kushuka, ule ambao mtu aweza kuuvumisha mdomoni bila maneno. Washairi wamelitumia neno hili kwa karne nyingi, na hatuna haja ya kutafuta jingine.

"Mwendo" ni wepesi au uzito wa mapigo, upimwao kwa idadi ya mapigo katika dakika moja. Wako wanaosema "kasi", lakini kasi yenyewe tayari ina maana ya upesi, na ni vigumu kusema kasi ya polepole. Mwendo waweza kuwa wa haraka au wa taratibu.

"Mlio" ni ile tabia ya sauti inayotuwezesha kutambua kwamba hii ni zumari na ile ni fidla, hata zikipiga mahadhi mamoja kwa mwendo mmoja. Wafasiri wengine wameandika "rangi ya sauti". Huko ni kufuata lugha nyingine neno kwa neno, na kunawafanya wasomaji watafute rangi mahali pasipo na rangi.

Faida ya kuyatenga maneno haya huonekana katika filamu ya The Third Man ya mwaka 1949, iliyoongozwa na Carol Reed. Kisa chake kinatokea Vienna baada ya Vita Kuu ya Pili, katika mji wa magofu, magendo na vifo. Muziki wote wa filamu hiyo ulipigwa na Anton Karas kwa ala moja tu, zita, ambayo ni ala ya nyuzi inayolazwa mezani. Majina ya mwanzo yanaonyeshwa juu ya picha ya nyuzi za zita zikitetemeka. Mahadhi yake ni ya uchangamfu, wala hayafanani na kisa. Lakini mlio ni wa mahali penyewe, maana zita ni ala isikikayo katika nyumba za mvinyo za mji huo. Kama Reed angepima muziki kwa neno moja tu, "mzuri" au "wa huzuni", asingeufikia uchaguzi huo. Mlio ulimfunga mtazamaji na mahali, mahadhi yakamtia wasiwasi kwa kutolingana na anachokiona.

Dokezo

Istilahi ya nne ni "dokezo". Hiki ni kipande kifupi cha muziki kinachosikika mwanzoni na kurudi baadaye penye jambo linalohusiana nacho. Kudokeza ni kusema kidogo ili mwenye akili aelewe mengi, na muziki hufanya vivyo hivyo.

Katika filamu ya Psycho ya mwaka 1960, Alfred Hitchcock alimtumia mtunzi Bernard Herrmann, na majina yalisanifiwa na Saul Bass. Herrmann alitumia ala za nyuzi peke yake, akiacha tarumbeta, ngoma na zumari zote, ili sauti ilingane na picha zisizo na rangi ila nyeusi na nyeupe. Mistari ya Bass hupita upesi ikiyakata majina, na nyuzi hukwaruza kwa mwendo wa haraka. Mtazamaji hajaona bado mtu wala nyumba, lakini moyo umeanza kwenda mbio. Baadaye, mwanamke aliyeiba fedha anapotoroka kwa gari, muziki ule hurudi. Hapo ndipo mtazamaji anapotambua kwamba mbio alizozisikia mwanzoni zilikuwa mbio hizi.

Kwa hiyo mwanafunzi wetu wa Pangani asijiulize tu ni muziki gani unaopendeza juu ya majina. Ajiulize pia: katika dakika kumi na mbili zijazo, ni wapi muziki huu utarudi, na utakaporudi utamkumbusha mtazamaji nini? Kama hakuna pahali pa kurudi, pengine umechaguliwa kwa ajili ya majina tu wala si kwa ajili ya filamu.

Muziki wa ndani na muziki wa nje

Tofauti nyingine iliyokosa maneno ni baina ya muziki unaosikiwa na watu waliomo katika filamu na ule unaosikiwa na mtazamaji peke yake. Redio inayolia dukani, ngoma ya arusi inayopita mtaani, na mtu anayeimba akifua nguo ni "muziki wa ndani". Fidla zinazolia mhusika anapotembea peke yake jangwani ni "muziki wa nje", maana huko jangwani hapana mpiga fidla.

Filamu ya Touch of Evil ya Orson Welles, iliyotoka mwaka 1958, ni ushahidi wa uzito wa tofauti hii. Inaanza kwa bomu kutiwa ndani ya gari, kisha kamera inalifuata gari hilo kwa dakika zaidi ya tatu bila kukatwa hata mara moja, mpaka linapolipuka. Studio iliweka majina juu ya picha hiyo pamoja na muziki wa nje uliotungwa na Henry Mancini. Welles alikuwa ameandika waraka wa kurasa 58 akieleza alivyotaka filamu yake iwe, na humo alitaka mwanzo huo uwe na muziki wa ndani: sauti zinazotoka katika vilabu vya pombe na redio za magari, zikija na kupotea kadiri kamera ipitavyo. Mwaka 1998, baada ya kifo chake, filamu iliunganishwa upya na Walter Murch kwa kuufuata waraka huo. Majina yakaondolewa juu ya picha na muziki wa nje ukatolewa. Picha ni zilezile, lakini mtazamaji sasa anatembea mtaani badala ya kuutazama mtaa kwa mbali, naye hulitega sikio gari lenye bomu kwa kuifuata redio yake.

Tukumbuke kwamba kimya nacho ni uchaguzi, na sauti zisizo muziki pia. The Birds ya Hitchcock, ya mwaka 1963, haina muziki wa ufunguzi. Majina yanapita pamoja na vivuli vya ndege na sauti zao zilizotengenezwa kwa mtambo wa umeme.

Muziki wa kushikiza

Sasa tufikie jambo linalowadhuru wanafunzi kuliko yote. Wakati wa kuunga picha, mhariri hupenda kuweka muziki wowote alio nao ili aone mambo yanavyokwenda, akikusudia kuuondoa baadaye. Tunapendekeza uitwe "muziki wa kushikiza". Fundi cherehani hushikiza nguo kwa uzi mrefu kabla ya kuishona. Uzi huo huonyesha mshono utapita wapi, lakini si mshono, na nguo ikimalizika huchomolewa.

Hatari yake ni kwamba sikio huzoea. Baada ya kuutazama mwanzo uleule mara hamsini pamoja na muziki uleule, mhariri huona kwamba hakuna mwingine uwezao kufaa. Jambo hili liliwapata hata wakubwa. Stanley Kubrick, alipokuwa akitengeneza 2001: A Space Odyssey, iliyotoka mwaka 1968, alishikiza picha zake kwa muziki wa sahani za santuri. Mtunzi Alex North aliajiriwa atunge muziki mpya, naye akatunga. Mwisho Kubrick akauacha muziki wa North na kubaki na ule wa kushikiza, na kwa ajili hiyo filamu inafunguliwa kwa utunzi wa Richard Strauss wa mwaka 1896. North alikuja kujua alipoitazama filamu yenyewe.

Wengi husema Kubrick alichagua vema. Huenda ni hivyo. Lakini yeye alikuwa na uwezo wa kupata idhini ya kutumia alichokipenda, na mwanafunzi hana. Uzi wa kushikiza ukisahauliwa katika nguo ya mteja, fundi ataonekana hajui kazi. Ukisahauliwa katika filamu, mwenye wimbo atakuja kuudai.

Idhini za aina mbili

Hapa sheria imetutangulia katika kuunda maneno. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 inatenga mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. "Hakimiliki" ni ya aliyetunga mahadhi na maneno. "Hakishiriki" ni ya walioupiga au kuuimba utunzi huo, na ya aliyetayarisha rekodi yake. Anayetaka kutumia rekodi ya wimbo katika filamu huhitaji idhini za pande zote mbili. Kwa mfano, wimbo wa kale waweza kuwa hauna tena mwenye hakimiliki, na bado rekodi yake ya juzi ikawa na wenyewe. Kununua santuri au kanda ni kununua ruhusa ya kuisikiliza tu.

Kwa sababu hii shauri linalofaa kwa mwanafunzi ni kumtafuta mwenzake apigaye ala, wakubaliane kwa maandishi, na warekodi muziki wao wenyewe.

Pingili na fremu

Istilahi za mwisho ni za kupimia. Picha moja ya filamu huitwa "fremu", neno lililokwisha kutoholewa. Filamu ya sinema hupita fremu 24 kwa sekunde. Mwendo ukiwa wa mapigo 120 kwa dakika, kila pigo huchukua nusu sekunde, yaani fremu 12. Mwendo wa mapigo 90 hutoa fremu 16 kwa pigo. Lakini mwendo wa mapigo 100 hutoa fremu 14 na sehemu mbili za tano, na hakuna mkasi unaoweza kukata sehemu ya fremu.

Mapigo hupangwa kwa makundi, mathalani manne manne au matatu matatu. Kwa kundi moja tunapendekeza neno "pingili", kwa mfano wa sehemu iliyo baina ya fundo na fundo la muwa. Muwa ni mmoja, lakini macho huona mahali pa kukata.

Tuseme mwanafunzi wetu ana kadi tisa za sekunde nne kila moja, na anwani ya sekunde nane. Jumla ni sekunde 44. Kwa mwendo wa mapigo 90, kila kadi itachukua mapigo sita, na mfululizo mzima mapigo 66. Akichagua muziki wa pingili za mapigo manne, kila kadi itakuwa pingili moja na nusu, na kadi moja baada ya nyingine itabadilika katikati ya pingili. Mtazamaji hatajua sababu, ila ataona kwamba kuna kitu kinachokwaza. Akichagua pingili za mapigo matatu, kila kadi itakuwa pingili mbili kamili, anwani pingili nne, na jumla pingili 22 bila baki.

Kuurudia mfano wetu

Baada ya maneno haya, mwanafunzi wa Pangani hatafuti tena "muziki mzuri". Aweza kujieleza hivi: Nataka ufunguzi uanze na sauti ya ndani, nyundo ya mbao ya fundi anayekalafati mashua. Mapigo ya nyundo yaende kwa mwendo wa 90. Ifikapo kadi ya nne, ngoma moja iyapokee mapigo hayo kutoka nje, kwa pingili za matatu matatu, na zumari ilete mahadhi mafupi yasiyomalizika. Anwani itokee nyundo inaponyamaza. Mahadhi hayo ndiyo dokezo langu, nayo yatamalizika mwishoni, kijana atakapoishika nyundo ya baba yake.

Maelezo hayo yaweza kukosolewa, kujadiliwa na kurekebishwa, kwa sababu yamesemwa. Mpiga zumari atayaelewa, mhariri atayaelewa, na mwalimu ataweza kusema ni wapi yanapokosea. Hii ndiyo faida ya istilahi.

Orodha ya istilahi zinazopendekezwa

Anwani: jina la filamu kama lionyeshwavyo katika filamu yenyewe.
Dokezo: kipande kifupi cha muziki kinachotangulia na kurudi kwa maana.
Kadi: maandishi yanayotokea na kutoweka kwa pamoja.
Mahadhi: mpangilio wa sauti zipandazo na kushuka.
Mfululizo wa majina: sehemu ya filamu inayoonyesha anwani na majina ya waliohusika.
Mlio: tabia ya sauti inayotambulisha ala.
Muziki wa kushikiza: muziki uwekwao kwa muda wakati wa kuunga picha.
Muziki wa ndani: usikikao na wahusika wa filamu.
Muziki wa nje: usikikao na mtazamaji peke yake.
Muziki wa ufunguzi: uambatanao na mfululizo wa majina wa mwanzo.
Mwendo: idadi ya mapigo katika dakika moja.
Pingili: kundi moja la mapigo.

Maneno haya ni mapendekezo. Wasomaji wafanyao kazi ya filamu na muziki, hasa walioko Zanzibar ambao wanalijua neno bashrafu kuliko sisi, wanaombwa watoe maoni yao. Neno lisilokubaliwa na wenye kazi halitaishi hata likiandikwa katika kamusi.